Maswali ya Wasomaji: Gorgonia wa Bahari ya Baridi na Kilindi cha Pemba

Safu iliyopita nilieleza kwa ufupi juu ya gorgonia anayeitwa Primnoa resedaeformis: tumbawe lenye matawi, rangi yake chungwa inayoelekea waridi, kimo chake huweza kufika mita moja, umri wake huweza kupita miaka mia tatu, makazi yake ni giza la Atlantiki ya Kaskazini, kutoka Norwe upande mmoja mpaka Nova Scotia, Kanada, upande wa pili. Nilidhani ni habari ya mbali ambayo watu wataisoma na kupita. Barua zilizokuja zinasema vyengine. Nimechagua zile zinazoulizwa na wengi, na nyengine nimezifupisha bila ya kuharibu maana.

Sisi wa barza ya hapa Mkoani tumegawanyika. Kuna wanaosema ni mti kwa sababu una shina, matawi na mizizi. Kuna wanaosema ni mnyama. Tumalizie ubishi.
*Wana barza, Mkoani*

Ni mnyama, na wala si mmoja. Kila tawi limejaa vinyama vidogo vya milimita chache, vinavyoitwa polipi, vilivyoungana nyama kwa nyama. Polipi mmoja akila, chakula kinawafikia majirani zake. Ukimtazama kwa hadubini utamwona ana mdomo na minyiri minane, kila mnyiri una vijinyweleo pembeni. Hiyo nane ndiyo alama ya ukoo wao wote. Matumbawe laini mnayoyaona kina kifupi pale Misali, na yale mapana yaliyotandaa ukutani, yote ni ya ukoo huo wa minane. Matumbawe magumu yanayojenga miamba yetu ni ukoo mwengine, minyiri yao huenda kwa sita sita.

Huyu Primnoa ana tabia yake ya pekee: polipi wamevaa magamba ya chokaa, wameinama kuelekea chini ya tawi, na wamebanana kama punje za mtama kwenye suke. Ndani ya tawi mna kigogo cha protini ngumu iitwayo gorgonini, iliyochanganyika na chokaa. Ndiyo maana tawi hupinda mkondo ukivuta, kisha likarudi. Hiyo "mizizi" mliyoitaja haifyonzi kitu. Ni gundi tu ya kushikia jiwe.

Waliosema mti wasione haya. Miaka ya 1720 daktari mmoja Mfaransa, Jean-André Peyssonnel, aliwaeleza wakubwa wa sayansi wa Paris kwamba "maua" ya marijani ni wanyama. Walimpuuza, na ilichukua miaka kabla ya hoja yake kukubalika. Primnoa huyu mwenyewe aliandikwa kitaalamu mwaka 1763 na Johan Ernst Gunnerus, askofu wa Trondheim huko Norwe, ambaye alikuwa akiletewa na wavuvi vitu vilivyonasa kwenye mishipi yao. Kwa hivyo hata Ulaya habari hii ilianza kwa mvuvi.

Mwalimu, umeandika anaishi kwenye maji ya nyuzi 4 mpaka 8 hivi. Bahari yetu mtu anaoga hata mwezi wa Julai bila ya kutetemeka. Hiyo baridi anaipata wapi, na sisi tunayo?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete*

Swali zuri kuliko yote niliyoyapata, mwanangu, na jibu lake liko karibu na hapo ulipo.

Simama bandarini Wete ukabili magharibi. Mbele yako kuna visiwa vidogo, kisha mwamba, kisha ukuta unaporomoka. Mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa chenu na bara, unakwenda chini mpaka kiasi cha mita 800. Ni tofauti kubwa na Unguja. Baina ya Unguja na bara maji ni mafupi, sehemu nyingi hayafiki hata mita 60. Zama zile za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa imeshuka zaidi ya mita mia moja, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mtu angeweza kwenda kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa, imezungukwa na kilindi chake.

Sasa teremsha kipimajoto kwenye kilindi hicho. Juu utapata nyuzi 25 mpaka 30, kutegemea kusi au kaskazi. Ukipita mita mia moja na ushei joto linaanza kuporomoka ghafla, na mita 200 limeshuka chini ya 20. Kwenye mita 500 ni kama nyuzi 10. Ukikaribia sakafu ya mkondo unakuta nyuzi saba au nane. Hiyo ni baridi ya ndani ya friji, na iko chini ya mashua zinazotoka Mkoani kila siku.

Baridi hiyo haikuzaliwa hapa. Jua linapasha tabaka la juu tu, na maji ya moto ni mepesi, hayataki kuzama. Huko karibu na Antaktika maji hupoa mno, yakawa mazito, yakazama, kisha yakatambaa polepole chini ya bahari zote za dunia. Safari hiyo huchukua mamia ya miaka. Kwa hiyo kilindi cha ikweta kina maji ya nchi za theluji, na mnyama wa baridi hahitaji kwenda Norwe ili aishi. Anahitaji kushuka.

Lakini sikiliza vizuri, usije ukaandika kosa kwenye mtihani: Primnoa resedaeformis mwenyewe hapatikani kwetu. Ni wa Atlantiki ya Kaskazini. Tulionao sisi ni jamaa zake, gorgonia wengine wa kilindini. Bahari ya Hindi inao wa ukoo huo huo wa magamba, na wengine wenye kigogo cha pingili mfano wa mwanzi. Meli ya utafiti ya Wajerumani, Valdivia, iliyoongozwa na Carl Chun katika safari ya 1898 na 1899, ilipita kwenye maji haya ikikokota wavu sakafuni, na Willy Kükenthal akatoa kitabu kizito juu ya gorgonia wa safari ile mwaka 1919. Baadaye meli ya Kimisri, Mabahiss, ilikuja katika safari ya 1933 na 1934 ikafanya kazi kama hiyo. Vielelezo vyao viko kwenye makabati ya makumbusho Ulaya. Ukiwa mkubwa, nenda ukavitazame, kisha urudi ututazamie vya hapa.

Miaka mia tatu umesema. Nani alikuwepo akahesabu?
*Mzee wa Kikwajuni*

Hakuwepo mtu, mzee wangu. Lakini mnyama mwenyewe ameweka daftari.

Kigogo cha Primnoa hunenepa kwa tabaka. Kila mwaka huongeza pete nyembamba ya gorgonini, mara nyingi si hata nusu milimita. Ukikata shina karibu na jiwe, ukalisugua likang'aa, unaona pete moja nje ya nyengine. Tatizo lilikuwa ni lile ulilolifikiri wewe: utajuaje kuwa pete moja ni mwaka mmoja na si miezi mitatu au miaka mitano? Huko chini hakuna vuli wala masika.

Jibu lilitoka kwenye mabomu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mataifa makubwa yalikuwa yakiripua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio, mpaka Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilipotia saini mkataba wa kuacha mwaka 1963. Majaribio yale yaliongeza angani aina ya kaboni iitwayo kaboni-14, karibu mara mbili ya kawaida. Ikaingia baharini, ikaliwa na viumbe vidogo vya juu, vikafa, vikanyesha, mabaki yakateremka gizani, gorgonia akayala. Kaboni ile ikajengwa ndani ya pete ya mwaka ule. Watafiti wa Kanada walipopima pete moja moja walikuta alama ya bomu pale pale ambapo hesabu ya mwaka mmoja kwa pete moja ingeiweka.

Kuna jambo jengine hapo ambalo mimi linanifurahisha kuliko hata umri wenyewe. Gorgonini ina alama ya bomu waziwazi. Chokaa iliyochanganyika nayo, katika pete ile ile, haina alama hiyo kwa nguvu ile. Sababu ni kuwa chokaa mnyama huitengeneza kwa kaboni ya maji yaliyomzunguka, na maji ya kilindini yana kaboni kongwe, hayajaonana na hewa kwa muda mrefu. Gorgonini huitengeneza kwa chakula, na chakula kimetoka juu juzi tu. Yaani tawi moja limeandika habari mbili, ya juu ya bahari na ya chini yake.

Kwa njia hizi wamepata kigogo cha zaidi ya miaka 300. Mmoja alikadiriwa 320. Hesabu kurudi nyuma kutoka mwaka 2000 utafika 1680, Mreno bado yumo ndani ya Ngome ya Mombasa, na Waomani hawajamtoa. Mwaka wa Mapinduzi yetu ungekuwa pete nyembamba karibu na ganda. Na pamoja na umri wote huo, kimo ni mita moja au kupita kidogo, kwa sababu kadiri anavyozeeka kasi hupungua, na matawi huvunjika njiani.

Hii ndiyo marijani ya fedhaluka? Nina wateja wanaouliza.
*Sonara, Mji Mkongwe*

Siyo. Fedhaluka nyekundu ya kwenye pete na tasbihi hutoka kwa Corallium rubrum wa Mediterania. Ni jamaa kwa ukoo wa minyiri minane, lakini kigogo chake ni chokaa tupu, kigumu, chekundu mpaka ndani, ndiyo maana kinachongeka na kung'aa. Kigogo cha Primnoa kina protini nyingi, rangi ya kahawia, na ile rangi nzuri ya chungwa iko kwenye nyama ya nje ambayo ikikauka hupauka na kubanduka. Wateja wako waambie hivyo, na anayekuuzia "fedhaluka ya Pemba" mtazame usoni.

Mwaka 2016 matumbawe yalipauka huku kwetu, na mwani wetu wa kotonii ndio hatuuwezi tena maji ya moto. Hao wa chini wako salama?
*Mkulima wa mwani, Jambiani*

Bi mkubwa, pole na kazi. Najua kotonii imewatoa jasho mpaka wengine mmehamia spinosamu, na wengine mnalima kwenye maji marefu zaidi, ambako hata kwenda kunahitaji chombo na kujua kuogelea.

Kupauka kule, kwa mwaka 1998, 2016 na miaka mingine, kunatokana na matumbawe ya juu kufukuza miani midogo mno inayoishi ndani ya nyama zao. Miani hiyo ndiyo inayowapikia kwa jua. Maji yakizidi moto, wanaachana, na tumbawe hubaki jeupe na njaa. Gorgonia wa kilindini hana miani hiyo hata kidogo. Hakuna jua la kuilisha. Yeye hula kwa minyiri: vijidudu vinavyopita na mkondo, na vumbi la mabaki linalonyesha kutoka juu mchana na usiku. Basi kwa maana hiyo hapauki.

Salama ni neno jengine. Kwanza, chakula chake chote kinategemea uzima wa maji ya juu, yale yale mnayolima nyinyi. Tabaka la juu likizidi kuwa la moto, huwa gumu kuchanganyika na la chini, rutuba haipandi, vijidudu hupungua, na mvua ya chakula kule chini hupungua pia. Pili, hewa ya ukaa inayoyeyuka baharini huyafanya maji kuwa na uchachu, na maji baridi huibeba zaidi. Kujenga chokaa kwenye maji ya namna hiyo ni kazi ya ziada. Primnoa ana nafuu kidogo, kwa kuwa chokaa yake ni ya aina ngumu kuyeyuka kuliko ya matumbawe ya miamba, na kigogo chake kina protini. Lakini mnyama aliyezoea nyuzi nne mpaka nane maisha yake yote hana pa kuhamia haraka. Anaongeza kama sentimita mbili kwenda juu kwa mwaka, tena akiwa kijana.

Watalii wananiuliza kama wanaweza kumwona wakizamia. Niwajibu nini? Na kama siwezi kumwonesha huyu, niwaoneshe nini?
*Mwongoza watalii, Nungwi*

Wajibu hapana, tena bila ya kusitasita. Mzamiaji wa kawaida mwisho wake ni mita 40. Makazi ya Primnoa resedaeformis kwa kawaida ni mita 200 na zaidi, na sehemu nyengine hupita 1,000. Picha zake hupigwa na roboti au nyambizi ndogo.

Ila kuna mahali sheria hiyo imepinda. Kwenye fyodi za Alaska, mabonde marefu ya bahari yaliyochongwa na barafu, ndugu yake Primnoa pacifica amepanda mpaka kama mita kumi chini ya uso wa maji. Kule maji ya juu ni baridi, barafu ya milimani inayeyuka ikiingiza tope, na jua halipenyi. Basi kwake huko juu kunafanana na chini. Wazamiaji wamemshika kwa mikono. Mgeni wako mwenye pesa na asiyeogopa baridi mwelekeze huko, utampoteza mteja lakini utakuwa umesema kweli.

Kwa Nungwi, wapeleke Mnemba, na wakiwa na siku za kutosha wavuke Pemba, kwenye kuta za Misali na upande wa magharibi. Wataona gorgonia wa juu, wale wapana waliotandaa kukabili mkondo. Waambie watazame namna alivyokaa: karibu kila mara ubapa wake umekata njia ya maji, ili polipi wengi iwezekanavyo wapate tonge. Wa kilindini hufuata kanuni hiyo hiyo. Anataka mambo mawili, jiwe gumu la kushika na mkondo wa kumletea. Matope matupu hayamfai, na maji yaliyolala hayamfai. Kwa hiyo huko kwao utamkuta kwenye mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, kingo za makorongo na njia ambazo mkondo hubanwa.

Na usikubali mtu akwambie kwamba Nungwi haina habari na kilindi. Mwaka 2007 wavuvi wa huko huko kwenu walimpata silakanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na madainosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hakutoka kwenye miamba ya mita tano.

Tulikuwa tunavua kwa mshipi mrefu nje ya mwamba, ndoana ikang'ang'ania, tukavuta kwa nguvu, likaja tawi la rangi ya chungwa lenye kunuka. Nimeliweka juu ya paa. Wenzangu wanasema nilitupe. Lina faida gani? Na mmoja kasema serikali itatukataza kuvua pale tukilisema.
*Mvuvi, Kojani*

Bwana nahodha, usilitupe.

Nianze na faida ya lenyewe likiwa hai. Sakafu ya kilindini sehemu kubwa ni tambarare tupu. Likiota dude la mita moja lenye matawi, hilo ni nyumba. Huko Atlantiki wamekuta kamba, kaa, nyota-bahari wenye mikono ya matawi wanaopanda juu kabisa ili washike mkondo, na samaki wekundu wa baridi wamejibanza chini yake. Wavuvi wa Nova Scotia walilijua hilo zamani. Walikuwa wakiita "miti", na walijua miti iko wapi kwa sababu hapo ndoana zilipotea na hapo samaki walikuwepo. Wataalamu walikuwa hawana ramani. Mwaka 1997 ikatoka ripoti juu ya matumbawe ya kina ya huko, na sehemu kubwa ya maarifa yake yalikuwa maneno ya wavuvi. Miaka mitano baadaye, 2002, serikali ya Kanada ikalinda eneo la kilomita za mraba 424 kwenye mlango wa bahari uitwao Northeast Channel, ambako Primnoa wamesongamana. Sehemu kubwa ikafungwa kwa uvuvi wa sakafuni, na sehemu ndogo ikaachiwa mishipi chini ya uangalizi. Norwe nao walikwisha kupiga marufuku nyavu za kukokota juu ya miamba yao ya baridi tangu 1999.

Basi hofu ya mwenzako si upuuzi. Nimeona maeneo ya hifadhi yanavyowekwa, na si kila mara mvuvi huulizwa kabla. Lakini tenganisha mambo. Adui mkubwa wa hawa wanyama ni wavu wa kukokota wenye magurudumu na chuma, unaosomba kila kitu, na meli za namna hiyo si zenu. Mshipi nao huvunja, tusidanganyane, tawi lako ni ushahidi. Lakini mshipi huvunja moja, wavu ule hufuta shamba zima ambalo halitarudi katika uhai wa mjukuu wako. Ikija siku mtu mwenye meli kubwa, au mwenye mitambo ya kutafuta gesi, akasema "pale chini hapana kitu", mtakuwa na nini cha kumjibu kama mliona mkanyamaza? Eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba lilianzishwa mwaka 2005, na linajulikana zaidi kwa miamba ya juu, kasa na samaki. Habari za kilindini ni chache mno, na anayezifikia kila wiki ni wewe.

Fanya hivi. Andika, au mwambie kijana wa skuli akuandikie, ulikuwa wapi: alama za pwani ulizozipatanisha, na kama simu yako inaonesha mahali, nakili namba zake. Andika ulikuwa kwenye pima ngapi. Pima ya mkono wako inatosha, baadaye itageuzwa kuwa mita. Andika mwezi, bamvua au maji mafu, na sakafu ilikuwa mawe au tope kadiri risasi ilivyokwambia. Hayo maandishi yana thamani kuliko tawi lenyewe, maana tawi lisilo na mahali lilipotoka ni pambo.

Tawi sasa limeshakauka, basi liache hivyo hivyo. Liondoe juani, lifunge kwa karatasi, usiliroweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo kama wanavyofanya wauza makombe, maana inakula ile nyama na vipande vya chokaa ambavyo wataalamu huvitumia kumtambua. Siku nyengine likija bichi, kata kipande cha kidole ukitie kwenye chupa ndogo ya spiriti ya duka la dawa. Ni ya dawa, haina ubaya. Hicho kitawafaa kwa vipimo vya vinasaba. Vilivyobaki vikauke kivulini. Kisha vifike Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Buyu, Unguja. Ukienda mwenyewe dai jina lako liandikwe kwenye kibandiko pamoja na mahali. Ni haki yako, na makabati ya Ulaya niliyoyataja juu yamejaa vielelezo ambavyo aliyevuta kamba hajatajwa.

Kama ni mnyama gani hasa, mimi kwa picha ya simu sitathubutu. Ni gorgonia, hilo naliona. Si Primnoa wa Nova Scotia, hilo nalo nina uhakika nalo. Baina ya hapo na hapo kuna jamaa wengi, na wanatenganishwa kwa umbo la vipande vya chokaa visivyoonekana kwa jicho. Kunuka kwake ni kuoza kwa kawaida tu.

Analiwa?
*Hakutaja jina, Chake Chake*

Hapana. Mifupa na magamba tu.

Kama hatembei na amegandia jiwe, anapataje mume?
*Mwanafunzi wa darasa la saba, Chwaka*

Umecheka ulipoandika, lakini umeuliza sawasawa. Kwa Primnoa, tumbawe zima huwa la kike au la kiume. Polipi wa shina moja wote ni wa jinsia moja. Wa kiume humwaga mbegu majini, mkondo ukazichukua, na ikiwa jirani wa kike yuko karibu na wakati umeafikiana, yai linarutubishwa. Wakikaa mbalimbali sana, mbegu hupotea bure, na hiyo ni sababu nyengine ya kutowavunja vunja mpaka wabaki mmoja mmoja. Kwa yule ndugu yao wa Alaska mayai huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, kwa hiyo mama hana haraka. Kijusi kinachotoka ni kidogo mno, huelea siku kadhaa kikitafuta jiwe tupu lenye mkondo. Kikilipata hukaa, hugeuka polipi mmoja, polipi huyo hujigawa akawa wawili, na hapo shina jipya limeanza. Kikiangukia tope, hufa.

Mwambie mwalimu wako wa baiolojia nimekupa alama zote.